Mbona 'chukua' huzaa 'chukulia'? Jibu liko Msambweni

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani kwa jamaa zangu kule Msambweni, Kaunti ya Kwale. Pembeni yangu alikuwa msichana wa kidato cha pili, daftari mapajani, akifanya zoezi la Kiswahili. Swali lenyewe ni lile ambalo kila aliyesoma nchini Kenya analifahamu: "Nyambua vitenzi vifuatavyo katika kauli ya kutendea." Vitenzi vilikuwa vitano: piga, soma, chukua, kaa, vaa.

Viwili vya kwanza havikumsumbua. Aliandika pigia na somea bila hata kuinua kichwa. Alipofika kwenye chukua akasita. Akaandika "chukuia", akaitazama, akaifuta. Kisha akaandika chukulia.

"Hiyo l umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Ni kanuni, mjomba. Mwalimu alisema kitenzi kikiishia na irabu mbili, unatia l."

"Lakini kwa nini l? Mbona isiwe k, au m?"

Akacheka. "Hayo hayamo mtihanini."

Kabla sijamjibu, nyanya yake akaita kutoka uani. Alikuwa na dumu la maji na alitaka msaada. "Nitsukulire!" Msichana akaruka, akaenda kumbebea. Ajabu ni kwamba jibu la swali langu lilikuwa limetoka uani, likapita masikioni mwake, na wala hakulitambua. Aliporudi aliniambia kitu kilichonifanya niandike makala haya: shuleni huambiwa kwamba Kidigo kinawaharibia Kiswahili, kwa hiyo wakiache nyumbani.

Juma hili basi tuitazame hiyo l. Ni sauti ndogo, lakini historia yake ni ndefu, na anayeielewa hahitaji tena kukariri kanuni nyingi.

Mkia wa kitenzi

Tuanze na yale tunayoyajua. Kitenzi cha Kiswahili kina mzizi, na baada ya mzizi hufuata viambishi tamati. Katika pigia, mzizi ni pig-, kisha kuna -i- ya kutendea, na mwisho kiishio -a. Katika somea, kiambishi hicho hicho kimekuwa -e-, kwa sababu mzizi som- una irabu o. Mzizi wenye a, i au u huchukua -i-: kata huwa katia, lima huwa limia, funga huwa fungia. Mzizi wenye e au o huchukua -e-: cheza huwa chezea, soma huwa somea. Wanaisimu huiita tabia hii usawazisho wa irabu: mkia hufuata rangi ya mwili.

Hadi hapo mambo ni safi. Tatizo huanza tunapofika kwa vitenzi kama hivi: chukua, kaa, vaa, zaa, nunua, toa, ondoa, pokea. Hivi vyote huishia na irabu mbili zinazofuatana, na vikiongezewa mkia, l hutokea ghafla kana kwamba imeanguka kutoka mbinguni: chukulia, kalia, valia, zalia, nunulia, tolea, ondolea, pokelea. Katika kauli ya kutendwa ni vivyo hivyo: chukuliwa, zaliwa, nunuliwa, pokelewa.

Vitabu vingi vya shule huieleza l hii kama daraja: ati imetiwa ili irabu zisigongane. Maelezo hayo yana udhaifu. Kiswahili hakiogopi irabu kukutana. Kingekuwa kinaziogopa, kingevumiliaje chukua na kaa zenyewe? Na hata kama daraja lilihitajika, kwa nini lijengwe kwa l peke yake kila mara?

Ukweli ni kwamba l haikutiwa. Ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichotokea ni kwamba iliondoka mahali pengine, ikabaki hapo kwenye mkia.

Sikiliza barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga

Ukivuka feri pale Likoni ukashika barabara ya kusini, ukapita Ng'ombeni, Tiwi, Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga mpakani, utasikia Kidigo njia nzima. Wenyewe hukiita Chidigo. Ni mojawapo ya lugha za Mijikenda, pamoja na Kiduruma cha kule Kinango, Kigiriama na nyinginezo. Hebu sasa weka maneno yake sambamba na ya Kiswahili.

Mswahili husema mvua. Mdigo husema mvula. Mswahili husema njaa. Mdigo husema ndzala. Kaa kwa Kidigo ni kala. Vaa ni vwala. Zaa ni vyala. Na chukua, kile kitenzi kilichomkwamisha msichana wetu, ni tsukula.

Umeiona? Kila mahali ambapo Kiswahili kina irabu mbili zinazogusana, Kidigo kina l katikati. Haiwezekani Wadigo wawe wameitia l hiyo kwa bahati nasibu, neno baada ya neno, pale pale ambapo Kiswahili kinaidai kikinyambua. Maelezo rahisi zaidi ndiyo ya kweli: zamani, lugha mama ya hizi mbili ilikuwa na l katika maneno hayo. Kidigo kiliihifadhi. Katika Kiswahili, l iliyokuwa baina ya irabu mbili ilidhoofika, na katika maneno mengi ikatoweka kabisa.

Kwa hiyo chukua ilikuwa na l kabla ya kiishio, kama tsukula ilivyo nayo hadi leo. Ulipoongezwa mkia wa kutendea, l hiyo ikasalimika. Ndiyo maana nyanya anasema nitsukulire na mjukuu anaandika nichukulie. Ni kitenzi kimoja, mnyambuliko mmoja, na l ile ile.

Wenye makini watakuwa wameona jambo la pili. Nyanya hakusema "nitsukulie". Alisema -lire, akaweka r ndani ya kiambishi chenyewe. Katika Kidigo, kauli ya kutendea hufanywa kwa -ir- au -er-: henda, yaani fanya, huwa hendera, andika huwa andikira, soma huwa somera. Irabu zake hufuata usawazisho ule ule wa Kiswahili. Hii ina maana kwamba hata -i- na -e- yetu ya pigia na somea imepoteza konsonanti. Lugha nyingi za Kibantu bado zinayo. Mganda akitaka kusema nunulia husema gulira, kutokana na gula, nunua. Mkikuyu hutoa rugĩra, pikia, kutokana na ruga. Mzulu kule Afrika Kusini hutoa thengela, nunulia, kutokana na thenga. Kwingine ni r, kwingine ni l, lakini kitu kipo. Kiswahili ndicho kilichokiacha.

Au tuseme, kilikiacha nusu. Tazama kinachotokea tukiongeza mkia juu ya mkia. Enda huwa endea. Ukirudia kiambishi hicho unapata endelea. Shika huwa shikia, kisha shikilia. Ingia huwa ingilia. Piga huwa pigia, kisha pigilia, kama fundi anavyopigilia msumari. Ile konsonanti ya kiambishi iliyokuwa imepotea katika endea imejitokeza tena katika endelea, kwa sababu safari hii mkia mwingine umeikinga.

Hapo ndipo penye fundisho lenyewe. Mwisho wa neno ni mahali pa hatari; sauti huchakaa huko kama kamba inavyochakaa nchani. Kiambishi tamati kikija, hufunika ile ncha, na kile kilichokuwa kikichakaa hubaki salama ndani. Mkia ndio sanduku la akiba la lugha.

Kutoka l hadi z

Sanduku hilo lina droo nyingine. Kutokana na kaa tunapata mkazi na makazi. Kutokana na vaa, vazi. Kutokana na zaa, mzazi na kizazi. Kutokana na chukua, mchukuzi na uchukuzi. Kutokana na nunua, mnunuzi. Kutokana na pokea, mapokezi. Hiyo z nayo imetoka wapi?

Ni l ile ile iliyovaa nguo nyingine. Kiambishi -i kinachounda nomino kilikuwa na nguvu za kubadilisha konsonanti iliyokitangulia. Kiligeuza d kuwa z: penda hutoa mpenzi, linda hutoa mlinzi. Kiligeuza k kuwa sh: pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi. Na kiligeuza l kuwa z. Kama kusingekuwa na l katika kaa, mkazi asingepata z yake. Kidigo nacho kina z hapo: mzazi ni mvyazi, kutokana na vyala.

Na kuhusu hiyo vy, hatuhitaji kwenda mbali. Kamusi za Kiswahili bado zinalo neno mavyaa, mama mkwe, na bavyaa, baba mkwe. Ndani yake mmelala kitenzi cha zamani vyaa, ambacho leo ni zaa. Weka vyala ya Kidigo kando ya vyaa utaona hatua zote: vyala, vyaa, zaa.

Si kila l iliondoka

Msomaji mkali atauliza: mbona tuna lala, mbili na kali? Ni kweli, si kila l iliyokuwa katikati ya irabu ilitoweka. Mabadiliko ya sauti yana mipaka yake. Tena yana wakati wake: maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, kama mali na hali, yanayo l baina ya irabu na hayakuipoteza. Hiyo ni dalili kwamba yalipoingia, ule upepo ulikuwa umekwisha kupita.

Ushahidi mwingine wa Kiarabu ni mtamu zaidi. Tuna kitenzi sahau. Asili yake ni Kiarabu, na katika mzizi wake hamna l hata kidogo. Lakini tunasema sahaulika na sahauliwa. Hii l haikuhifadhiwa, maana haikuwapo. Wasemaji walikwisha kuzoea kwamba kitenzi chenye irabu mbili mwishoni hutoa l kinaponyambuliwa, nao wakamtendea mgeni kama wanavyowatendea wenyeji. Basi kanuni ya mwalimu si ya uongo. Ni kanuni iliyo hai katika vichwa vyetu. Ila ilianza kama kumbukumbu, ikawa desturi baadaye, na kitabu kikatupa desturi bila kutupa kumbukumbu.

Farasi wa Mongolia na maji yake

Je, haya ni ya Kibantu tu? La hasha. Twende mbali kidogo, hadi Mongolia, katikati ya bara la Asia, ambako hakuna anayejua habari za Msambweni.

Kimongolia hakihusiani na Kiswahili kwa nasaba, lakini nacho hupenda mikia. Hakina viambishi awali kama vyetu. Mzigo wote wa sarufi hubebwa nyuma ya mzizi. Wakitaka kusema "kutoka" huongeza kiambishi kinachofuata irabu za neno: kutoka Mongolia ni Mongoloos, kutoka kwenye ger, yaani lile hema lao la duara, ni gerees. Kama sisi tulivyo na pigia na somea, wao wana -aas, -ees, -oos na -öös. Hata mnyambuliko wa vitenzi unafanana kwa kazi: yav- ni enda, na yavuul- ni peleka, zodo- ni piga, na zodold- ni pigana.

Sasa angalia neno la maji. Ni us. Lakini majini si "usd", ni usand. Farasi ni mori, lakini kutoka kwa farasi ni morinoos. Ghafla imetokea n, kama l yetu inavyotokea. Sarufi za Kimongolia huiita n iliyojificha, na mwanafunzi wa kigeni hulazimika kukariri ni maneno gani yanayo na yapi hayana. Ila maandishi ya kale ya Kimongolia yanaonyesha usun na morin. N ilikuwa mwishoni mwa neno, ikachakaa, ikabaki pale tu ilipokingwa na mkia. Imebaki pia katika jina la ala yao maarufu, morin khuur, zeze la nyuzi mbili lenye kichwa cha farasi.

Mongolia, kwa hiyo, ushahidi uko katika maandishi ya kale. Kwale, ushahidi uko katika kinywa cha jirani. Ni heri kuwa na vyote viwili, lakini kinywa kina tatizo moja: kinaweza kunyamaza.

Kisa cha tatu chatuonyesha hatari hiyo. Kwenye kisiwa cha Sakhalin na nchi ya chini ya mto Amur, mashariki ya mbali ya Urusi, kuna lugha iitwayo Kinivkh. Haina jamaa anayejulikana duniani. Wasemaji wa Amur hujiita nivkh; wale wa Sakhalin mashariki husema nigvng, wakiwa na sauti ya pua mwishoni. Amur wameipoteza sauti hiyo. Hata hivyo, wakiongeza kiambishi cha wingi hupata nivkhgu. Kiambishi hicho kina sura kadhaa, k au g au nyingine, kulingana na sauti inayokitangulia, na ile g ni alama ya mahali ilipokuwa sauti ya pua. Aliyesikia lahaja ya Sakhalin ataielewa. Asiyeisikia ataambiwa, "Ni kanuni, kariri." Na sensa ya Urusi ya mwaka 2010 ilihesabu wasemaji wa Kinivkh takribani 200 tu. Sauti ya pua ikizikwa na mzee wa mwisho wa Sakhalin, g ya Amur itabaki bila shahidi aliye hai.

Turudi barazani

Kidigo si Kinivkh. Wasemaji wake ni wengi, kuanzia Likoni hadi Tanga ng'ambo ya mpaka. Kina kamusi, Mgombato, iliyotolewa mwaka 2004 ikiwa na tafsiri za Kiingereza na Kiswahili. Kina sarufi iliyoandikwa na Steve Nicolle na kuchapishwa mwaka 2013. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Kwenye karatasi, mambo si mabaya.

Tatizo liko pale darasani, mtoto anapoambiwa kwamba lugha ya nyanya yake ni kutu inayokula Kiswahili chake. Ni kweli kwamba akiandika "mvula" katika insha anastahili kusahihishwa. Kiswahili sanifu ni mvua, na mtihani ni mtihani. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia "hapa tunaandika mvua" na kumwambia "hiyo lugha yako inakupotosha". Ya kwanza ni kufundisha. Ya pili ni kumnyang'anya mtoto ufunguo kisha kumlaumu kwa kushindwa kufungua mlango.

Wala nisieleweke vibaya. Sisemi Kidigo ndicho mama wa Kiswahili, wala kwamba ni safi zaidi. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993, waliziweka lugha hizi katika kundi moja waliloliita Sabaki: Kiswahili, Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Ni ndugu. Kila ndugu alirithi sahani za nyumbani, akavunja baadhi na kutunza nyingine. Kiswahili kilivunja l ya mvula. Kidigo nacho kilibadilisha p katika kitenzi pa, kikapata pha, kwa pumzi inayopita midomoni, hali Kiswahili kiliitunza. Anayetaka kujua seti kamili ilikuwaje sharti atembelee nyumba zote.

Kwa mwalimu wa Kwale, hili ni jambo la dakika kumi. Andika ubaoni kaa, vaa, zaa, chukua. Waulize watoto wasemavyo nyumbani. Andika kala, vwala, vyala, tsukula kando yake. Kisha waambie wanyambue. Hutahitaji kuwatajia kanuni, wataitaja wenyewe. Na watoto wasiosema Kidigo pale darasani watajifunza kutoka kwa wenzao, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Nilifanya hivyo na yule msichana jioni ile, tukitumia ukurasa wa nyuma wa daftari lake. Alipomaliza safu ya pili alinyamaza kidogo. Kisha akageuka kuelekea uani akaita, "Nyanya! Hebu sema tena vile ulivyosema!"

Nyanya, ambaye dumu lake lilikwisha kufika jikoni, akauliza kwani sasa anatakiwa kubebewa nini.